Tundu la kupandia darini linavujisha joto: ziba upepo kwanza, insulesheni baadaye (uzi kwa walio kwenye baridi kali)

Fundi_Boriti (mwanzisha uzi)

Wadau wa Minnesota, Dakota, Maine, Alberta na popote theluji inapolala miezi mitano, salamu. Kila vuli maswali ya insulesheni ya darini yanarudi, na karibu yote ni ya kununua mifuko ya insulesheni ya kumwaga. Tundu lenyewe la kupandia, lile la kwenye korido au ndani ya kabati la nguo, halitajwi. Nalianzishia uzi wake.

Hesabu kwanza. R ni kipimo cha jinsi kitu kinavyozuia joto lisipite, ikiwa kubwa ni bora. Chukua dari ya futi za mraba 1,000 yenye R-49. Weka tundu la futi za mraba 5 ambalo kifuniko chake ni ubao mtupu, tuseme R-1. Joto linalopita ni eneo kugawa kwa R: 995 ÷ 49 ni 20.3, na 5 ÷ 1 ni 5. Jumla 25.3. Gawa 1,000 kwa 25.3 unapata R-39.5. Nusu ya asilimia moja ya dari imekula karibu R 10 za dari nzima. Kama ni ngazi ya kukunjwa ya inchi 22½ kwa 54 (futi za mraba 8.4), dari inashuka hadi R-35 hivi.

Na hapo upepo haujahesabiwa. Upenyo wa inchi ⅛, unene wa milimita 3, kuzunguka ngazi ya ukubwa huo una eneo la inchi za mraba 19. Ni sawa na kutoboa dari kwa tundu la duara lenye kipenyo cha sentimita 12 na nusu. Majira ya baridi nyumba inafanya kazi kama bomba la moshi: hewa ya moto inapanda na kutokea juu, ya baridi inaingilia chini, kwenye milango na chumba cha chini ya ardhi. Ndiyo maana miguu inaganda ukumbini ilhali kosa liko darini.

Kwa hiyo mpangilio wangu haubadiliki: kwanza raba na silikoni, pili komeo, tatu povu. Ukianza na povu umevika sweta lenye matundu.

Vifaa kwa tundu la kawaida la inchi 22 kwa 30:

- Plaiwudi ya inchi ¾, kipande cha 21¾ kwa 29¾ (kile cha jipsamu kilichomeguka kingo tupa)
- Bodi moja ya poliaiso (povu gumu la insulesheni) yenye karatasi ya alumini, unene inchi 2, ukubwa futi 4 kwa 8
- Raba ya EPDM yenye umbo la D, roli la futi 17. Mzingo ni inchi 104, yaani futi 8 na inchi 8, itabaki
- Silikoni au akriliki ya kuzibia, mrija 1
- Gundi iliyoandikwa wazi kwamba ni ya bodi za povu, mirija 2
- Tepu ya alumini, kulabu 2 na pete zake
- Plaiwudi ya inchi ½, bodi 1, ya kujengea ukuta wa kuzuia pamba (insulesheni iliyomwagwa darini) isiporomoke tunduni

Kazi yenyewe. Shusha kifuniko. Angalia fremu inayokikalia: kile kidomo cha mbao kiwe na upana usiopungua inchi ¾, kiwe sawa pande zote nne. Kikiwa kimepinda, raba haitakusaidia, kibadilishe. Futa kwa spiriti, acha kikauke, bandika raba juu ya kidomo bila kuivuta. Raba iliyovutwa hurudi na kufungua pembe baada ya wiki chache. Kwenye pembe kata wima na sukuma ncha zigusane.

Kisha panda na taa. Kati ya ubao wa fremu na jipsamu ya dari kuna mwanya ambao kutoka chini umefichwa na urembo wa mbao. Watu wanaweka raba nzuri na hewa inapita nyuma ya fremu. Ziba hapo kwa juu, halafu shuka uzibe pia mstari kati ya urembo na dari.

Povu: kata vipande vinne vya 21¼ kwa 29¼. Bodi moja inatoa sita. Gundisha kimoja juu ya kingine, weka uzito, acha usiku mmoja. Kila kipande huandikwa karibu R-13, vinne vinafika R-52 kwenye karatasi. Baridi ikizidi poliaiso hupungua nguvu kidogo, hivyo kile cha nne si anasa.

---

DadaSeremala

Asante kaka Boriti, ila hapo kwenye vipande vinne kuna mtego unaowakwamisha wengi. Kifuniko cha plaiwudi na povu la inchi 8 kina kimo cha 8¾. Ukikiinamisha ili ukisogeze pembeni, mshazari wake si 21¾ tena, unakuwa 23.4. Ukuta wa kuzuia pamba ukiwa umejengwa sawia na mdomo wa inchi 22, kinakwama katikati, mtu yuko juu ya ngazi kakishika kwa mikono miwili kichwani. Hapo ndipo ajali hutokea.

Dawa yake: ukuta usisimame kwenye ukingo wa ndani wa boriti. Usogeze hadi ukingo wa nje. Boriti ina unene wa 1½, plaiwudi ½, unapata inchi 1 ya ziada kila upande. Nafasi inakuwa 24 kwa 32 na kifuniko kinapita. Kinyanyue wima mpaka kipite boriti, ndipo ukiinamishe.

Kimo cha ukuta: kina cha pamba kuongeza inchi 2. Karatasi iliyosagwa ya R-49 hulala kama inchi 14, faibaglasi ya kumwaga hufika 17 hadi 19 kulingana na kampuni. Soma jedwali lililochapwa kwenye mfuko, usikisie. Bila ukuta huo, kila ukifungua tundu pamba inaporomoka ukumbini, na pembeni mwa tundu inabaki kama bakuli lenye inchi 3 tu. Hilo bakuli ni hasara nyingine mbali na tundu.

---

Mvua_za_Vuli

Swali kwa wataalamu. Kwa nini nisichukue tu kipande cha pamba ya faibaglasi ya R-30, nikakilaza juu ya kifuniko? Kazi ya dakika tano.

---

Fundi_Boriti

Unaweza, na ni bora kuliko kuacha wazi. Lakini faibaglasi haizuii hewa, inaichuja tu. Utajua kwa kuangalia kipande cha namna hiyo baada ya misimu miwili: ukingo wake unakuwa mweusi kama kichujio cha gari. Weusi huo si ukungu, ni vumbi la nyumba lililobebwa na hewa ya moto iliyokuwa inapita. Popote darini unapoona pamba yenye mstari mweusi, chini yake kuna mwanya.

La pili, kipande kikilazwa tu, siku utakapofungua kitateleza na kurudi kimepinda nusu. Ukitaka kutumia pamba kwa sababu unayo tayari, ifunge kwenye kifuniko kwa kamba bila kuibana. Pamba ya inchi 9½ ukiibana iwe 5, R inashuka nayo.

---

Mzee_wa_Misumari

Niongeze mawili ya hatari, maana wengi wanakimbilia kukata.

Gundi. Kama badala ya poliaiso umenunua polistirini, ile ya bluu, waridi au nyeupe, gundi ya kawaida ya ujenzi yenye kiyeyushi kikali huila. Unarudi asubuhi unakuta mashimo na kipande kimeachia. Ndiyo maana Boriti kasema gundi iliyoandikwa kuwa ni ya povu.

Moto. Povu la aina yoyote likiachwa wazi darini ni kuni. Kanuni za ujenzi wa nyumba za Marekani zinataka lifunikwe, kwa mfano kwa plaiwudi ya inchi ¼ au jipsamu ya inchi ⅜, isipokuwa bodi zilizopimwa na kuruhusiwa kuachwa wazi. Karatasi ya alumini pekee haimaanishi imeruhusiwa, soma maandishi ya mtengenezaji. Kama hakuna ruhusa, malizia juu kwa plaiwudi ya ¼. Uzito wake utasaidia kukandamiza raba.

Na tundu lililo kwenye dari ya gereji iliyoungana na nyumba, usiliguse kwa maelezo ya uzi huu. Dari ile ni kizuizi cha moto kati ya gari na wanaolala. Uliza ofisi ya ukaguzi wa majengo ya mji wako kifuniko kinatakiwa kiweje.

---

BintiZiwa

Shikamoo mzee. Hapa kuna ngazi ya kukunjwa, 22½ kwa 54. Vipande vinne haviwezekani, ngazi yenyewe iko njiani. Tunafanyaje?

---

Mzee_wa_Misumari

Marahaba binti. Hapo kinachotengenezwa ni boksi la kufunika kwa juu, na ubao wa ngazi wenyewe unabaki ulivyo.

Funga ngazi, panda kwa njia nyingine au mulika kupitia mwanya, upime kimo cha ngazi iliyokunjwa kutoka juu ya boriti, pamoja na mikono ya springi. Ongeza inchi 2. Tuseme ni 10, basi kuta za boksi zina kimo cha 12. Ndani ya boksi kuwe na nafasi ya inchi 1 zaidi ya fremu kila upande.

Bodi 2 za poliaiso za inchi 2. Ya kwanza inatoa vipande vya kuta vyenye upana wa 12, ya pili inatoa paa la boksi, na mabaki yanaongeza tabaka la pili juu ya paa. Unganisha kwa gundi na skrubu ndefu zenye washa pana za plastiki, halafu tepu ya alumini kwenye kila mshono, ndani na nje. Tepu ya nailoni ya kijivu usitumie, baridi na joto la darini huiachisha.

Boksi lisikae juu ya pamba. Tengeneza kitako: vipande vya plaiwudi vya upana wa inchi 6 vilivyolazwa kwenye boriti kuzunguka tundu, vimezibwa kwa silikoni chini yake. Raba inabandikwa chini ya kuta za boksi, inakalia kitako. Ndani funga mkanda wa kushikia, ili ukishapanda nusu ulisukume na ukishuka ulivute lirudi mahali pake.

Vifuniko vya zipu vya kitambaa chenye kung'aa vinauzwa sana. Vinazuia hewa kiasi, hilo nakubali. Ila nambari kubwa ya R iliyochapwa kwenye pakiti isomeni kwa makini: kitambaa chenyewe ni chembamba, nambari inahesabu nafasi ya hewa katika hali maalumu. Kwa Minnesota hakitoshi.

---

DadaSeremala

Kwenye ngazi kuna mwanya mwingine: kati ya fremu ya ngazi na boriti. Mafundi huacha kama nusu inchi ya vipande vya kusawazisha. Jaza kwa povu la kopo, lakini lile la madirisha lenye kupanuka kidogo. Lile la nyufa kubwa linasukuma fremu ndani na mlango unaanza kukwaruza.

Raba ya mlango wa ngazi nayo si sawa pande zote. Upande wa bawaba, raba nene ya D inafanya mlango usifunge upande wa pili. Weka raba ya umbo la V hapo, D kwenye pande tatu. Na springi zikichoka mlango unaning'inia milimita 5 hadi 10 upande usio na bawaba. Komeo dogo la kuzungusha linaurudisha.

---

Mvua_za_Vuli

Kulabu ni lazima kweli kwa kifuniko cha kawaida? Si uzito unatosha?

---

Fundi_Boriti

Plaiwudi ya ¾ ya ukubwa ule ina kama kilo 4 na nusu. Igawanye kwenye inchi 104 za raba, ni gramu 43 hivi kwa inchi. Raba laini ya EPDM inaweza kulala, ngumu kidogo hailali. Tena upepo wa nje ukivuta hewa ya darini, kifuniko chepesi kinanyanyuka na kugonga usiku. Kulabu mbili, kila moja katikati ya upande mrefu, na pete ziwekwe kiasi kwamba kulabu inaingia kwa kusukumwa. Ikiingia kwa ulaini, haibani.

Jipime kwa kipande cha karatasi. Kifungie kwenye raba kisha ukivute. Kikitoka bila kushikwa, hapo hapajabana. Zunguka pande zote, hasa pembe.

---

MamaUbani

Na udi! Kijiti cha udi ndicho kipimo bora cha nyumbani. Siku ya baridi, funga madirisha, zima feni zote, shika kijiti sentimita 3 chini ya ukingo wa kifuniko na usogee polepole. Moshi ukinyooka kwenda juu na kumezwa na mstari, hewa inatoka. Baada ya kuziba, moshi unapanda, unagonga dari na kutawanyika taratibu.

Ukiwasha feni ya jiko na za bafu, mambo yanageuka: nyumba inavuta, hewa ya darini inashuka na moshi unasukumwa chini. Mwanya mdogo unaonekana vizuri zaidi hivi. Lakini kwa wenye hita ya maji ya gesi inayotegemea bomba la moshi bila feni, msiache feni zikivuta muda mrefu, gesi chafu inaweza kurudi ndani. Dakika mbili tatu zinatosha, na kingʼora cha kaboni monoksaidi kiwe kinafanya kazi.

---

Kobe_Mwendo

Kabla hata ya kufungua tundu: nyumba za zamani. Ukichungulia ukaona chembechembe nyepesi kama kokoto ndogo, rangi ya kijivu-kahawia au zinazong'aa kama dhahabu na fedha, rudisha kifuniko. Hiyo ni vamikulaiti. Nyingi iliyouzwa Marekani hadi 1990 ilitoka mgodi wa Libby, Montana, na ilichanganyika na asbestosi. Shirika la mazingira la serikali, EPA, linashauri ichukuliwe kuwa ina asbestosi na isiguswe. Haifagiwi, haivutwi kwa mashine ya vumbi ya nyumbani. Mwite mwenye leseni.

Kwa nyumba zisizo nayo: barakoa ya N95, miwani inayofunga, mikono mirefu, na kanyaga boriti tu. Jipsamu haibebi mtu. Fanyeni vuli asubuhi, kiangazi darini kunachoma.

---

Nyanda_Juu

Nafuatilia kutoka Njombe. Juni na Julai usiku huku ni baridi kweli, bati halina chochote chini yake zaidi ya dari ya jipsamu. Kifuniko kimewekwa tu juu ya tundu. Nianze hapo?

---

Fundi_Boriti

Kwako hesabu inageuka, kaka. Dari nzima ikiwa tupu, tundu si mbaya kuliko sehemu nyingine. Futi 5 kati ya 1,000 zinapoteza nusu ya asilimia. Raba na kulabu weka, ni gharama ndogo na zinazuia vumbi, panya na popo. Ila fedha ya insulesheni ianze kwenye dari lenyewe, tundu limalizie.

Na nakuomba sana: kama kuna chumba kinachopashwa kwa jiko la mkaa, usikizibe. Kaboni monoksaidi haina harufu, na nyufa za darini pengine ndizo zinazowaokoa. Jiko litoke kwanza.

---

BintiZiwa

Na wapangaji je? Au wasio na uwezo wa kununua hivi vyote?

---

Kobe_Mwendo

Kuna mpango wa serikali kuu, Weatherization Assistance Program, upo tangu 1976. Unaziba na kuweka insulesheni bure kwa kaya zenye kipato chini ya kiwango kilichowekwa, kwa kawaida asilimia 200 ya mstari wa umaskini. Wapangaji wanaruhusiwa kuomba, mwenye nyumba akitoa kibali. Maombi hupitia mashirika ya eneo, kwa Minnesota mara nyingi yale yale yanayoshughulikia msaada wa bili za kupasha nyumba. Foleni ipo, ombeni mapema.

Wakija, waulizeni wazi kama tundu limo kwenye kazi. Kanuni ya mfano ya nishati, IECC, ambayo majimbo huichukua, tangu 2009 inataka kifuniko kiwe na raba na insulesheni sawa na dari inayokizunguka. Toleo la 2021 lililegeza kwa ngazi za kukunjwa, lakini kwa kanda za hali ya hewa 0 hadi 4 tu, zile zenye joto zaidi. Minnesota iko kanda 6 na 7.

---

Mvua_za_Vuli

La mwisho. Pembeni mwa tundu kuna duara la njano kwenye dari. Fundi wa paa anasema shingles (vigae vya paa) zinavuja.

---

DadaSeremala

Kabla hujamlipa, angalia lini duara linakua. Likikua siku yenye mvua, paa. Likikua siku ya jua baada ya wiki ya baridi kali, bila tone la mvua, ni hewa ya ndani.

Hewa ya nyuzi 21 yenye unyevu wa asilimia 40 huanza kutona maji ikigusa kitu cha nyuzi 7. Mbao za paa usiku wa Januari ziko chini ya sifuri kabisa. Mvuke unaopenya kwenye tundu unaganda hapo kama jalidi, tabaka juu ya tabaka, kisha jua la Februari linaliyeyusha lote kwa mchana mmoja. Panda asubuhi ya baridi na taa, mulika misumari ya paa iliyo juu ya tundu. Ikiwa na vichwa vyeupe vya barafu pale tu na mbali ni mikavu, umempata mwizi.

Angalia pia bomba la feni ya bafu. Likiwa limeishia darini badala ya kutoka nje, raba peke yake haitamaliza jalidi. Liunganishe hadi nje ya paa kwanza, kisha rudi kwenye orodha ya Boriti.

---

Mvua_za_Vuli

Nimeelewa. Napanda kesho alfajiri, utabiri ni nyuzi 18 chini ya sifuri.

---

DadaSeremala

Vizuri. Ukishuka rudisha kifuniko mara moja, kila dakika kinapokaa wazi jalidi inaongezeka.